Nimepewa usupavaiza wa hausikipingi, naanza tarehe 1 Juni. Mliopitia njia hii, nijiandae vipi?

#1 Binti_Gando (19 Mei, saa 3:40 usiku)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mie Mpemba wa Gando, kazi nafanya Unguja, hoteli moja ya pwani ya kaskazini yenye vyumba 48. Mwaka wa nne huu niko hausikipingi, idara ya usafi wa vyumba, kazi yangu vyumba. Hoteli tumefunga tangu katikati ya Aprili kwa ajili ya masika, nami nimerudi nyumbani. Juzi meneja kanipigia simu: supavaiza wetu anaondoka mwisho wa mwezi, kapata kazi hoteli nyengine, na nafasi yake nimepewa mie. Naingia tarehe 1, wageni wa mwanzo wanafika tarehe 6.

Nimefurahi, nisiseme uongo. Lakini tangu simu ile usingizi umenipaa. Kutandika kitanda nakujua hata umeme ukikatika. Kusimamia watu sikujui. Nna watu kumi na mmoja, tisa wa vyumba na wawili wa londri, na sita kati yao wamenizidi umri. Mmoja ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza akanionesha kukunja pembe ya shuka. Ni rika la mama yangu mzazi, mie namwita Bi Mkubwa. Kila asubuhi namwamkia, na mzigo wake wa taulo nampokea. Sasa tarehe 6 nitamwambiaje kuwa chumba chake hakijatakata?

Nna siku kumi na mbili. Nisome nini, niulize nini, nizungumze na nani kabla? Sitaki kujifunzia mbele ya wageni.

#2 Kijana_Jambiani (19 Mei, saa 4:05 usiku)

Hongera dada. Kabla ya yote dai barua. Mie niliambiwa kwa mdomo "wewe sasa ndo msimamizi wa mapokezi", nikaruka kwa furaha, nikakaa miezi saba kwa mshahara ule ule. Nilipouliza nikajibiwa kuwa mie ni kaimu. Barua itaje cheo, mshahara, tarehe, na kazi zenyewe moja moja. Ukishaanza kazi bila barua, kila ukiuliza unaonekana mkorofi.

#3 NahodhaPwani (19 Mei, saa 4:20 usiku)

Namuunga mkono #2. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi, masharti ya kazi yakibadilika lazima yaandikwe. Mtajie meneja sheria hiyo.

#4 MaalimMstaafu (20 Mei, saa 1:15 asubuhi)

Nahodha, hiyo ya 2004 ni sheria ya Bara. Mambo ya kazi si ya Muungano. Huku kwetu ni Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Ndiyo maana hata mchango wake wa hifadhi ya jamii unakwenda ZSSF ya Zanzibar, hauendi NSSF ya Bara. Akimtajia meneja sheria ya Bara atachekwa, na siku ya kwanza haifai kuchekwa. Barua adai, hapo mko sawa.

Sasa kwako mwanangu. Vijana wengi ninaowaona wakianguka katika vyeo vipya hawaanguki kwa ujinga. Wanaanguka kwa kukosa makabidhiano. Mimi nilipopewa ukuu wa skuli moja huku Pemba, aliyenitangulia aliniachia fungu la funguo kumi na saba, na hakuna hata moja iliyoandikwa ni ya mlango gani. Wiki nzima walimu wananitazama nikijaribu funguo. Skuli ya pili nilijifunza. Nilimfuata mwenzangu kwake kabla hajahama, jioni tatu mfululizo, tukakaa barazani kwa kahawa. Sikumuuliza kuhusu majalada. Nilimuuliza: "Kitu gani hapa huharibika kila mwaka msimu kama huu?" Akanieleza tangi linalovuja likijaa, mzazi ambaye huja kila Januari kugombana, na mlinzi anayeondoka mapema Ijumaa. Yote hayo hayakuwa katika jalada lolote.

Huyo supavaiza wako yupo mpaka mwisho wa mwezi. Mpigie simu leo.

#5 Mwanaharusi_K (20 Mei, saa 3:02 asubuhi)

Shikamoo Maalim. Nakuheshimu lakini hapo napinga kidogo. Mtu anayeondoka anakuachia siri za kazi, na anakuachia na ugomvi wake. Mie nilikabidhiwa kaunta nikaambiwa "huyu mvivu, huyu mwizi, huyu usimsogelee". Niliingia nimeshawachukia watu watatu ambao hawajanifanyia lolote. Yule aliyeitwa mwizi ndiye aliyekuja kunifundisha kufunga hesabu za jioni. Ilinichukua nusu mwaka kumuomba radhi.

Aulize vitu, asiulize watu. Na wa kwanza wa kumuuliza ni meneja mwenyewe. Amuulize wazi: "Ikifika mwisho wa Agosti, utajuaje kwamba nimefanya kazi vizuri?" Mwengine anataka malalamiko ya wageni yapungue, mwengine anataka sabuni isimalizike kabla ya mwezi. Usipouliza, utahangaika na sabuni na yeye anahesabu malalamiko.

#6 KaraniWaStoo (20 Mei, saa 7:30 mchana)

Nyote mnazungumza watu. Hausikipingi ni hesabu. Supavaiza haangushwi na watu, anaangushwa na stoo.

Binti, chukua kalamu. Kanuni ya kazi yetu ni seti tatu kwa kila kitanda: moja imetandikwa, moja iko londri, moja imepumzika kabatini. Vyumba 48, kitanda kimoja kimoja, mashuka mawili kila kitanda, la kulalia na la kujifunikia. Hapo ni 96. Mara tatu, 288. Hivyo hivyo foronya, taulo kubwa, taulo za mikono, za ufukweni. Nenda kabla ya tarehe 1, hesabu kila kitu ukiwa na huyo anayeondoka, andikeni karatasi, sainini nyote wawili, na nakala apewe meneja. Usiposaini siku hiyo, kila shuka litakalokosekana tangu enzi hizo ni lako.

#7 Mkaazi_Muscat (20 Mei, saa 9:11 alasiri)

Karani kasema kweli, ila seti tatu zinatosha palipo na mashine ya kukaushia. Kama wanaanika kambani, mvua ikishika siku mbili seti ya tatu inakwisha.

#8 KaraniWaStoo (20 Mei, saa 9:40 alasiri)

Nakubali. Wanaotegemea jua waweke nne, yaani 384. Lakini umeshawahi kuona tajiri anayenunua ya nne?

#9 Bi_Asumini (20 Mei, saa 2:50 usiku)

Waalaykumu salaam mwanangu Binti wa Gando. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia, maneno yangu.

Mimi ndiye huyo Bi Mkubwa wako. Si yule wako hasa, lakini nilikuwa yeye. Nimefanya vyumba miaka ishirini na mbili, na wasichana na wavulana watatu wamewekwa juu yangu, wote nimewazidi umri. Nataka nikwambie ilivyo upande wa huku.

Wa kwanza alikuja na jalada. Siku ya kwanza alisimama mwisho wa ukumbi akaniita "Asumini!" mbele ya wageni, bila ya Bi. Sikumjibu. Kazi yake niliifanya kwa saa, ikigonga mwisho naondoka, hata kama kitanda kimebaki nusu. Hakukaa msimu mmoja.

Wa pili alikuwa na haya kama zako. Akikuta kasoro chumbani kwangu anairekebisha mwenyewe, kimya kimya, hata sijui. Mwanangu, huyo ndiye aliyenidhuru zaidi. Wenzangu walijua. Wakaanza kusema Asumini anabebwa. Mimi nikadhani kazi yangu safi, kumbe macho yameshapungua nguvu na nywele za bafuni sizioni. Angeniambia, ningetafuta miwani mapema.

Wa tatu alikuwa binti wa Makunduchi. Kabla hajaanza alikuja nyumbani, akakaa mkekani, akaniuliza: "Bi, vyumba gani vinakuchosha?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia vya juu, magoti yangu hayapandi ngazi mara kumi na ndoo. Akanipanga vya chini vyote, na vijana wakapewa vya juu. Huyo alikuwa akinikosoa kila siku. Ananiita pembeni: "Bi, njoo tukiangalie hichi chumba sote." Na mimi nilikuwa nakwenda.

#10 Binti_Gando (20 Mei, saa 3:15 usiku)

Shikamoo Bi. Nimeisoma mara tatu, na mama nimemsomea. Ahsante.

#11 Abu_Rayyan (21 Mei, saa 12:40 asubuhi, baada ya Alfajiri)

Barakallahu fiki dada. Wenzangu wote wamesahau jambo moja. Watu tisa wa vyumba, wanne huenda waliitaka nafasi hiyo. Husda ipo na jicho lipo, tumefundishwa hivyo na dini yetu. Nyiradi za asubuhi na jioni usiziache, swali rakaa mbili za istikhara, za kumuomba Mungu akuchagulie la kheri, na usiitangaze neema yako kabla haijasimama. Nimewaona watu wenye kila ujuzi, barua wanazo, hesabu wanazijua, wakaingia kwenye cheo kipya wakaanza kuumwa vichwa visivyo na sababu.

#12 Mwanaharusi_K (21 Mei, saa 2:10 asubuhi)

Dua tunaikubali Abu Rayyan, hakuna anayepinga. Lakini kichwa cha siku za mwanzo mara nyingi ni maji na usingizi. Mie wiki yangu ya kwanza sikunywa maji mpaka saa kumi, nikifikiri ndo uchapakazi. Na hao wanne walioitaka nafasi asiwahesabu maadui. Mmoja wao awe msaidizi wake. Mtu aliyetaka kusimamia ana hamu ya kusimamia, apewe kona yake.

#13 NahodhaPwani (21 Mei, saa 2:25 asubuhi)

Mpemba huyu, hakimbii mvua ndogo. Mtampa wasiwasi bure kwa mambo ya jicho. Binti, ukija Unguja tuletee karafuu mbichi, na usitubanie.

#14 Fundi_Bomba (21 Mei, saa 5:55 asubuhi)

Nahodha, karafuu msimu wake bado, hata huo Upemba wa kutania huujui.

Nirudi kwenye kazi, maana kuna hatari mnairuka. Hoteli imefungwa tangu katikati ya Aprili. Mpaka wageni wafike ni wiki saba maji yamelala ndani ya mabomba na matangi ya juu ya paa. Katika maji yaliyolala, yenye joto la nyuzi 20 hadi 45, humea bakteria anaitwa Legionella. Hudhuru mtu anapovuta yale manyunyu madogo ya bafu la mvua, akapata nimonia kali. Walijulikana baada ya 1976, wastaafu wa jeshi walipokusanyika hoteli moja Philadelphia, Marekani, wakaugua wengi na kufa wengine, na bakteria wenyewe wakagunduliwa mwaka uliofuata. Pwani yetu maji ya tangi mwaka mzima yako ndani ya joto hilo.

Matangi ni kazi ya fundi wenu, yasafishwe na kutiwa klorini. Lakini vyumba ni vyako. Kabla ya tarehe 6 kila bomba, kila bafu, kila kisinki kifunguliwe maji yaende dakika kadhaa. Kichwa cha bafu kiteremshwe chini, au kifungwe mfuko, ili manyunyu yasiruke usoni mwa mtu wako. Andika chumba na saa. Hili halimo katika kitabu cha supavaiza yeyote niliyefanya naye kazi, na miye nimezunguka hoteli nyingi.

#15 Mkaazi_Muscat (21 Mei, saa 6:20 mchana)

Fundi kafungua mlango, niongeze la dawa. Baada ya masika kuta zina ukungu mweusi, vyoo vimeshika chumvi. Wafanyakazi wakitaka kumaliza upesi wanachanganya: jiki pamoja na ile dawa kali ya tindikali ya vyoo. Mchanganyiko ule hutoa gesi ya klorini, inakaba kifua. Nimemtoa mwenzangu bafuni kwa mabega, macho mekundu, hawezi kusema. Bafu halina dirisha, alikuwa kajifungia apige haraka. Siku ya kwanza kabla ya rosta, kabla ya hotuba, weka chupa mbili mezani uwaoneshe watu kumi na mmoja kwa macho yao: hii na hii hazionani.

#16 Binti_Gando (22 Mei, saa 2:30 usiku)

Ahsanteni sana. Ripoti fupi. Barua nimeiomba, meneja kasema nitaikuta mezani tarehe 1. Suala la Mwanaharusi nimemuuliza. Kanyamaza kwenye simu, kisha kasema: "Nataka vyumba viwe tayari saa nane. Mwaka jana wageni walikuwa wanasubiri mapokezi na mabegi yao." Kumbe mie nilikuwa nawaza pembe za mashuka.

Supavaiza anayeondoka nimempigia pia, kakubali tukutane tarehe 28. Nikamuuliza suala la Maalim, kacheka, kasema: "Sefu ya chumba cha 31, na genereta Jumamosi."

Sasa hiyo saa nane nifanyeje? Wageni wanatoka saa tano. Nna masaa matatu tu.

#17 Mkaazi_Muscat (22 Mei, saa 3:05 usiku)

Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Tufanye hesabu. Watu wako tisa, siku yoyote wawili wako mapumziko, umebaki na saba. Chukulia siku nzito, vyumba 15 vinatoka na kuingia, 33 wageni wamo. Chumba cha kutoka ni dakika 45. Kati ya saa tano na saa nane ni dakika 180, mtu mmoja anamaliza vinne. Vyumba 15 vinataka watu wanne. Wamebaki watatu kwa vyumba 33, kila kimoja dakika 25, jumla 825, kila mtu 275. Ni masaa manne na nusu na ushei. Wakianza saa tatu wanakuwa wamemaliza saa nane kasorobo hivi.

#18 KaraniWaStoo (22 Mei, saa 3:40 usiku)

Hesabu yako nzuri ila umewaacha wale wanne wamekaa mpaka saa tano. Waingie saa mbili, wasaidie vyumba vya wageni waliotoka kwenda safari na kuzamia, kisha saa tano wahamie vya kutoka. Na usihesabu dakika 275 mfululizo kama watu hawaswali Adhuhuri na hawali.

#19 Mkaazi_Muscat (22 Mei, saa 3:48 usiku)

Sawa, nimekosea hapo. Atoe nusu saa kila mtu.

#20 Kijana_Jambiani (22 Mei, saa 4:30 usiku)

Na mapokezi wakupe orodha ya wanaotoka usiku wa kuamkia, si asubuhi. Tena saa ziandikwe kwa maneno! Hili limenigharimu. Mgeni aliniambia gari "at three", ndege yake ya alfajiri. Nikaandika kwenye kitabu cha madereva "3:00". Dereva kaisoma saa tatu, kaja saa tatu asubuhi, kapiga pasi, kanukia marashi. Mgeni keshalia, ndege keshaikosa. Nilikatwa mshahara miezi minne. Tangu siku ile naandika "saa tisa usiku", herufi kwa herufi. Rosta yako pia, mtu akiona 7:00 mmoja atakuja saa moja asubuhi na mwengine saa saba mchana, na wote wawili wana haki.

#21 MaalimMstaafu (23 Mei, saa 1:05 asubuhi)

Hilo ni somo kubwa kuliko yote yaliyoandikwa hapa, nami sikulifikiria.

#22 Mwanaharusi_K (23 Mei, saa 3:00 asubuhi)

Kwa hiyo Maalim, bado unasema tatizo ni makabidhiano? Kitabu cha Kijana kilikabidhiwa vizuri tu.

#23 MaalimMstaafu (23 Mei, saa 3:30 asubuhi)

Bado nasema. Angeambiwa na aliyemtangulia jinsi dereva anavyosoma kitabu, asingekosea. Lakini sitakugombeza, Mwanaharusi.

#24 Binti_Gando (28 Mei, saa 4:10 usiku)

Nimerudi Unguja kwa boti ya asubuhi, nikapanda daladala ya 116 moja kwa moja. Tumehesabu na supavaiza toka saa saba mpaka magharibi, stoo na makabati ya sakafu zote mbili. Foronya na taulo hazina neno. Mashuka yalitakiwa 288. Yapo 231.

Yamepungua 57. Kakaa kitako juu ya marobota, kasema yeye alipokabidhiwa miaka mitatu nyuma hakuhesabu, hajui alipokea mangapi. Tumeandika 231, tumesaini. Nakala ya meneja iko kwenye mkoba wangu bado. Nikiipeleka kesho, jina la mtu aliyenisaidia linachafuka siku mbili kabla hajaondoka. Nisipoipeleka, 57 ni zangu. Mkono unatetemeka naandika.

#25 KaraniWaStoo (28 Mei, saa 4:22 usiku)

Peleka. Kesho asubuhi, mapema. Karatasi haimtaji mtu kuwa mwizi, inataja idadi.

#26 NahodhaPwani (28 Mei, saa 4:30 usiku)

Shuka 57 haziendi peke yake. Hoteli imefungwa wiki sita, walinzi wangapi wana ufunguo?

#27 Bi_Asumini (28 Mei, saa 4:41 usiku)

Nahodha, ogopa Mungu. Mlinzi humjui na unamtia wizini.

Mwanangu, nendeni nyote wawili kwa meneja, si wewe peke yako. Yeye ndiye aseme, wewe kaa pembeni yake. Akisema mwenyewe "nilipokea bila kuhesabu", hilo ni kosa la uzembe na linasameheka. Ukisema wewe, linakuwa shitaka.

#28 Mkaazi_Muscat (28 Mei, saa 5:15 usiku)

Miaka mitatu, shuka 57, ni kumi na tisa kwa mwaka. Kwa vyumba 48 si ajabu hata kidogo. Pamba inachakaa, tena maji ya kisima cha pwani yana chumvi, hayaoshi vizuri na yanakula nyuzi. Zilichanika, zikatupwa, hakuna aliyeandika. Naamini hilo kuliko wizi.

#29 Fundi_Bomba (29 Mei, saa 1:20 asubuhi)

Au zimeazimwa. Hoteli zenye mwenyewe mmoja huazimana sana Disemba, karatasi haiandikwi, na ikipita mwaka hakuna anayekumbuka nani anamdai nani. Waulizeni jirani zenu kwanza.

#30 Abu_Rayyan (29 Mei, saa 1:45 asubuhi)

Allah akusahilishie dada. Sema kweli, na mtaje mwenzio kwa uzuri aliokufanyia.

#31 Binti_Gando (6 Juni, saa 3:50 usiku)

Nimekaa kitandani miguu iko kwenye ndoo ya maji ya moto. Nimewaahidi nitarudi.

Karatasi tuliipeleka sote, mie na supavaiza, kama alivyosema Bi Asumini. Alizungumza mwenyewe. Meneja hakupiga kelele, kasema tutanunua 60 kabla ya Agosti na kuanzia sasa kinachochanika kiandikwe. Barua niliikuta. Mabomba tuliyafungua yote tarehe 3, tukaandika chumba na saa. Chupa mbili niliziweka mezani, na mmoja wa londri kasema yeye kila wiki alikuwa akichanganya, ndo maana kifua kinambana. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Leo wamefika wageni wa vyumba 19. Vyumba 18 vilikuwa tayari saa nane kasoro dakika kumi. Kimoja saa nane na robo, sefu ya 31.

Na Bi Mkubwa wangu. Nilikwenda kwao tarehe 2 jioni, nikamuuliza vyumba gani vinamchosha. Kanambia hakuna, yeye mzima. Nikaona nimekosea kuuliza. Lakini asubuhi ya leo, mzigo wake wa taulo nilipoushika kama kawaida yangu, kauvuta. "Acha. Leo wewe una kazi nyengine." Saa sita nikamwita tukatazame chumba cha 14. Kaingia kabla yangu, kainama kwenye tundu la bafu, katoa unywele mmoja, kauweka kwenye kiganja changu. Hakusema kitu. Nami sikusema.

Sijui maana yake nini. Niko macho nafikiria.

#32 Mwanaharusi_K (6 Juni, saa 4:02 usiku)

Kakuonesha kwamba kauona kabla yako. Yaani macho yake mazima, usimtilie shaka.

#33 MaalimMstaafu (6 Juni, saa 4:10 usiku)

Mimi naona kinyume. Kakukabidhi.

#34 Bi_Asumini (6 Juni, saa 4:25 usiku)

Huyo mtu mzima muacheni. Binti, usimuulize, kesho mwamkie kama kila siku.

Nna suala langu, tangu zile shuka halijanitoka. Matambara mnayofutia vioo hapo kwenu, ya rangi gani?

#35 Binti_Gando (6 Juni, saa 4:31 usiku)

Meupe Bi. Yana upindo upande mmoja.

#36 KaraniWaStoo (6 Juni, saa 4:33 usiku)

Upindo wa upana gani? Foronya nazo zina upindo.

#37 Binti_Gando (6 Juni, saa 4:35 usiku)

Yako kwenye ndoo stoo. Asubuhi nikifika nitachukua utepe niyapime.